CBCT (eksirei ya taya ya pande tatu, 3D) kabla ya kupandikiza jino: hela yake inalipa
Eksirei ya panorama ni picha bapa, tena hukuza taya kwa takriban asilimia 20 hadi 30. CBCT huonyesha unene halisi wa mfupa na njia ya neva ya taya la chini, ambayo skrubu ya jino la kupandikiza inapaswa kuwa mbali nayo angalau milimita 2. Linaloshtua wagonjwa ni yale yasiyotafutwa: kipande cha mzizi kilichobaki, uvimbe wenye maji, na hasa utando wa sinasi (uwazi wa hewa ulio juu ya meno ya juu ya nyuma) ulionenepa. Huo mara nyingi hauna neno. Ila tundu la sinasi likiziba, au kukiwa na usaha, upasuaji wa kuinua sakafu yake ili kuongeza mfupa wa kushika skrubu usubiri kwanza. Kasoro: zipo kliniki zinazokukabidhi CD ya picha tu, bila maelezo. Dai ripoti ya picha nzima, si ya pengo tu.