Frankenstein ya Mary Shelley: chukua toleo la 1818

Nimemaliza kuisoma, na Justine Moritz hajanitoka akilini. Ni mtumishi wa nyumbani kwa kina Frankenstein huko Geneva. Ananyongwa kwa kumuua mtoto William, ushahidi ukiwa picha ndogo iliyokutwa mfukoni mwake. Victor, kaka wa marehemu William, ana hakika kwamba muuaji ni kiumbe ambaye Victor mwenyewe alimuunda kule Ingolstadt. Ananyamaza, akihofia kuonekana mwendawazimu.

Wengi huisifu riwaya hii kama onyo kwa wanasayansi wanaojipa kazi ya Mungu. Onyo hilo limo, na Victor mwenyewe analitoa kwa Walton, msafiri anayeitafuta Ncha ya Kaskazini. Mimi naona uzito wake uko kwenye malezi. Usiku ule wa Novemba kiumbe anafumbua jicho lake la manjano, na aliyemuumba anatoka mbio. Hata jina hampi.

Utamu wenyewe uko katikati, kiumbe anaposimulia maisha yake. Anajibanza kwenye kibanda kilichopakana na nyumba ya akina De Lacey, anawachungulia ufani, anajifunza kusema kwa kuwasikiliza. Mwanzoni anawaibia chakula. Akishagundua kuwa nao wanalala njaa, anaacha, anakula matunda ya porini na mizizi, na usiku anawakusanyia kuni. Mzee wao, kipofu, anampokea kwa upole. Kijana wake Felix anaingia, anamwona, anamshushia fimbo. Hapo nilifunga kitabu kwa muda.

Shelley alianza kuiandika mwaka 1816 akiwa na miaka 18. Mwaka uliotangulia alikuwa amempoteza binti yake aliyezaliwa njiti, na mama yake mzazi alifariki siku chache baada ya kumzaa yeye. Uchungu wa kiumbe asiye na mzazi haukutoka hewani.

Kwa anayetaka kununua: angalia toleo. La 1818 lilitoka bila jina la mwandishi. La 1831 alilirekebisha, na humo Victor anasukumwa zaidi na majaliwa. Napendelea la kwanza, maana humo anachagua mwenyewe na hatia inabaki yake. Barua za Walton mwanzoni zinajikokota, vumilia.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya Elizabeth, mchumba wa Victor: mwanamke mwenye akili na moyo, aliyesimama mahakamani kumtetea Justine, lakini anapewa nafasi finyu mno hadi anapouawa usiku wa harusi yake.