Nilienda kujifunza pampu, nikarudi na aibu ya mfuniko

Naendesha kisima kirefu cha mtaani huku Kivule, Dar es Salaam, huu mwaka wa sita. Kisima ni cha Mzee mmoja: mita 72, pampu ya kuzama, simtanki mbili za lita 5,000 juu ya mnara, magati manne ya kuchotea maji. Pampu ikianza kuumwa naijua kwa mlio tu. Kwa hiyo Mzee aliponiambia amenilipia shilingi 180,000 niende mafunzo ya siku tatu ya usalama na kanuni za maji ya chini ya ardhi, nilinuna moyoni. Nikajua ni zile semina za kula pilau na kurudi na cheti.

Pilau lilikuwepo, cheti kipo ukutani. Waandaaji siwataji, maana nina mazuri na mabaya ya kusema na sitaki simu.

Nianze na baya. Siku ya kwanza ilikuwa ya sheria, na maandishi ya ukutani yote yalikuwa Kiingereza. Tulikuwa watu 34, mafundi na walinda pampu, nusu yetu tukawa tunatazama picha. Mpaka dada mmoja kutoka Mbagala aliponyoosha mkono akasema, "Mwalimu, samahani, hayo tusomee kwa lugha ya kwenye gati." Hapo ndipo darasa likaanza.

Nilichokipata: maji yaliyo chini ya kiwanja chako si yako. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inayahesabu kuwa mali ya umma, na kibali cha kuyatumia kwa huku kwetu hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Wengi wetu tulikuwa tunadhani ni kazi ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Mwalimu akagusia na Marekani, ambako kuna kanuni ya mwaka 2006 kwa ajili ya maji ya visima: sampuli ya bombani ikionekana na vimelea vya kundi la kolifomu, yaani dalili kwamba huenda uchafu umeingia, mwendeshaji ana saa 24 za kuchukua sampuli nyingine kisimani kwenyewe, isipokuwa kama maji yanatibiwa kwa kiwango cha kuua asilimia 99.99 ya virusi. Hilo lilinikaa kichwani. Sisi maji yakilalamikiwa tunaosha tenki, tunamaliza.

Siku ya pili ndiyo iliyolipa hela ya Mzee. Tuliambiwa kila mtu achore kisima chake na kila kitu kilichokizunguka. Nikachora. Bomba la kisima changu lilikatwa usawa wa ardhi, pembeni ya waya wa pampu tumeziba kwa kipande cha kiroba badala ya mfuniko, na hakuna sakafu ya zege. Mwalimu akauliza masika maji yanasimama wapi. Nikanyamaza. Yanasimama hapo hapo. Na sote tunajua watu wanavyotapisha vyoo mvua ikikolea, na mwaka 2015 kipindupindu kilitupitia mji mzima. Kisima kinaweza kuwa na mita 72 na bado kikanywa uchafu wa juu kwa kuteremka ubavuni mwa bomba, kama hapakujazwa saruji.

Nikauliza swali nililokuwa nalo kooni: mnasema choo kiwe mita 30 kutoka kisimani, kwenye kiwanja cha 20 kwa 20 nitazipata wapi? Hakunidanganya. Alisema mchanga wetu unapitisha haraka, kwa hiyo kama umbali haupo, saruji na kina ndivyo vifanye kazi, na upime naitreti, kemikali inayotoka vyooni na kwenye mbolea; kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani isizidi miligramu 50 kwa lita. Naitreti haiondoki kwa kuchemsha, na ni hatari hasa kwa mtoto mchanga wa maziwa ya kopo. Ndugu wa Kigamboni wao waliambiwa habari ya chumvi: karibu na bahari, ukishusha usawa wa maji yasiyo na chumvi mita 1 kwa kuvuta kupita kiasi, kihesabu maji ya bahari yanaweza kupanda karibu mita 40 chini yake. Bwana mmoja mwenye maboza ya kuuza maji alitoa macho.

Klorini nayo nilikuwa naikisia kwa kijiko. Sasa napiga hesabu: lita 10,000 zikitakiwa kupata miligramu 1 kwa lita ni gramu 10 za klorini, na unga wangu ni wa asilimia 65, basi gramu 15 na kitu. Nusu saa maji yatulie. Kisha unapima kwa kidonge kinachogeuza maji yawe rangi ya waridi, na gati la mwisho liwe na klorini angalau miligramu 0.2 kwa lita.

Siku ya tatu, vitendo, ilivurugwa. Basi lilichelewa kwa saa mbili, na kifaa cha kupimia kilikuwa kimoja kwa watu 34. Nilikigusa mara moja. Nilikuwa nimebeba maji yangu kwenye chupa ya soda yapimwe vimelea, yakakataliwa: inatakiwa chupa iliyotakaswa, sanduku la barafu, na ifike maabara mapema, ikiwezekana ndani ya saa 6. Hili wangetuambia kabla, tungekuja na sampuli za maana.

Kwa anayeuliza kama aende: kama unalinda pampu na hujawahi kufundishwa, nenda, ila uliza kwanza lugha na vifaa. Mimi nawapa nyota tatu na nusu.

Jioni ile nilimwambia, "Mzee, shikamoo. Kibali cha kisima kiko wapi?" Akacheka, akaingia ndani, akatoka na risiti ya mchimbaji. Saruji tumemwaga Jumamosi, bomba tumeliinua sentimita 50. Kibali bado tunakifuatilia.