Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500 baada ya miaka mitatu ya kazi Kisumu

Mnamo Machi 2022 nilinunua diski ya SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) aina ya Samsung 870 EVO katika duka moja la vifaa vya tarakilishi karibu na barabara ya Oginga Odinga, kwa shilingi 8,500. Kazi yangu ni kupiga picha na kuhariri video za harusi na mazishi, na tangu siku hiyo diski hiyo imekuwa ndani ya tarakilishi ya studio yangu hapa Kondele, ikipakiwa video kila Jumapili usiku na kufutwa kila mteja anapochukua kazi yake. Wenzangu huniuliza imebakiza miaka mingapi. Jibu lipo kwenye programu za kupima diski, ila wengi hulisoma vibaya, nami nilikuwa mmoja wao.

Wiki iliyopita nilifungua CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, ikanionyesha kisanduku cha buluu chenye asilimia 94, yaani uhai uliobaki. Watu wengi huishia hapo. Mistari yenye maana kwa diski hii iko chini yake. Mstari wa F1 huhesabu vipande vya baiti 512 vilivyokwisha kuandikwa. Wangu ulikuwa umepita bilioni 80, na ukizidisha unapata takriban terabaiti 41. (Tarakimu huja zikiwa zimechanganyika na herufi mpaka ubadilishe mpangilio wa programu, mara ya kwanza kuziona nilidhani diski imeanza kuweweseka.)

Sasa, Samsung huipa diski hii waranti ya miaka 5 au terabaiti 300 za kuandikwa, lolote litakalotangulia. Terabaiti 41 katika 300 ni karibu asilimia 14, ilhali programu inasema nimetumia asilimia 6 tu. Nilitafuta kosa kwa muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba halipo, kwa sababu vipimo hivyo viwili havipimi kitu kimoja. Zile 300 ni mpaka wa waranti, ambao mwenye kiwanda ameuweka kwa tahadhari yake mwenyewe. Asilimia 94 inatokana na mstari wa B1, unaohesabu wastani wa mara ambazo seli za kumbukumbu zimefutwa na kuandikwa upya, na seli za aina ya TLC kama hizi, zinazobeba biti tatu kila moja, kwa kawaida hustahimili kufutwa mara elfu moja hadi elfu tatu hivi.

B1 yangu ilisoma 107. Terabaiti 41 zingeijaza diski ya gigabaiti 500 mara 82 tu, na tofauti hiyo, kwa sehemu kubwa, ni kazi ambayo diski huifanya yenyewe bila mimi kuiona: seli huandikwa kwa vipande vidogo lakini hufutwa kwa mafungu makubwa, hivyo diski hulazimika kuhamisha data ambayo bado inahitajika kutoka kwenye fungu kabla ya kulifuta. Diski iliyojaa pomoni huhamisha zaidi. Tangu nijue hivyo, huacha angalau sehemu moja ya tano ikiwa wazi.

Kwa mwendo wangu wa terabaiti kama 14 kwa mwaka, zile 259 zilizobaki kwenye hesabu ya waranti zingenifikisha miaka 18 na ushee. Sitegemei hesabu hiyo hata kidogo, na sababu ninayo.

Kabla ya hii nilikuwa na diski ya bei rahisi isiyo na jina la maana, ya gigabaiti 240. Jioni moja umeme ulipotea mara mbili ndani ya dakika tano, na uliporudi tarakilishi haikuiona tena. Siku iliyotangulia programu ilikuwa imeipa asilimia 99. Fundi aliniambia kwamba huenda seli zilikuwa salama kabisa, ila kidhibiti kinachoziongoza ndicho kilichoungua. Ndani yake mlikuwa na picha za sherehe ya mahari huko Siaya. Nilirudisha pesa, lakini mama wa binti aliniuliza kwa simu, "Mwanangu, sasa siku ile tutaikumbuka kwa nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo mstari ninaousoma kwanza siku hizi kwenye 870 EVO ni EB, unaohesabu mara ambazo diski ilikatiwa umeme ghafla. Wangu unasema 187, nyingi zikiwa za mwaka wa kwanza, kabla sijanunua UPS, ile betri ya akiba ya tarakilishi. Kwamba imevumilia yote hayo bila kupoteza faili ninayoijua ndilo jambo ninaloisifia zaidi, na halionekani popote katika ile asilimia 94.

Lawama zangu ni ndogo. Ukiipakia video nyingi kwa mkupuo, kasi ya kuandika hushuka baada ya muda, na kwa kuwa inatumia kiunganishi cha SATA haipiti megabaiti 560 kwa sekunde hata ikiwa mpya.

Sikushauri kuitumia kama kabati la kumbukumbu. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya vifaa vya kielektroniki, kinadai kwamba diski ya matumizi ya kawaida iliyomaliza kiasi chake cha kuandikwa itunze data kwa mwaka mmoja bila umeme, katika joto la nyuzi 30, na nyuzi 30 ni mchana wa kawaida hapa Kisumu. Yangu bado iko mbali na hali hiyo, lakini harusi za zamani nimezihamishia diski ngumu mbili za kuzunguka, moja studioni na nyingine nyumbani. Waranti itaisha Machi 2027, na hadi wakati huo 870 EVO itashika kazi za wiki inayoendelea tu.