Mbaazi za nazi Ngamiani: kama huli nyama, anzia hapa

Watu wanauliza sana Tanga mtu asiyekula nyama wala samaki atakula nini, wanaishia kuambiwa waende hotelini wakaagize saladi ya elfu kumi na tano, jamani. Mi nawapeleka Ngamiani, kuna bibi mmoja anauza mbaazi za nazi asubuhi, kibanda hakina hata bango, ukifika zile barabara za namba ulizia mbaazi utaoneshwa tu.

Sasa mbaazi zenyewe. Kwanza zimeiva, maana wengi hapo ndo wanafeli, unatafuna kitu kigumu kimeogelea kwenye tui. Huyu analoweka usiku, alfajiri anabandika mpaka ukiibonyeza inasagika, halafu tui la pili na kitunguu na pilipili mbichi, vinachemkia humo humo, tui zito linaingia mwisho kabisa na anakoroga taratibu lisikatike. Rojo inakuwa nzito inashika kwenye andazi, hamna nyanya wala viungo vya pakti. Bakuli mia tano, andazi mia mbili, ukila na matatu ni elfu moja na mia na umeshiba mpaka adhuhuri, si ajabu maana mbaazi kavu gramu 100 zina protini kama gramu 20. (Ila kama umeacha kabisa vyote vya mnyama, mpaka mayai na maziwa, vitamini B12 huipati kwenye mbaazi, hiyo itafutie njia nyingine.)

Maandazi ndo ya kuulizia kila unapoenda, mji huu una maziwa mengi na wengine wanakandia maziwa au wanatia yai. Nilimuuliza bibi akanicheka, "Mwanangu, maziwa ya nini na nazi ipo?" Yake ni tui, iliki, sukari na hamira basi. Mchana anapika pia wali, maharage na kisamvu, hapo kwenye kisamvu uliza kabla hajapakua, siku nyingine kina dagaa na yeye kwake hiyo bado ni mboga za majani tu 😂

Kilichonifurahisha zaidi ni hakuna kinachotupwa pale, machicha ya nazi yanaenda kwa kuku wa jirani, vifuu na makumbi yanaingia jikoni, na upawa wenyewe ni wa kifuu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 lakini sehemu nyingi bado mbaazi za moto unafungiwa kwenye kinailoni cheupe, mi siwezi. Huyu ukija na kontena lako anakuongeza na upawa mmoja wa bure. Maandazi ndo anafunga kwenye gazeti, wino na mafuta vinakutana, hapo simsifii, nenda na kitambaa safi au kikapu chako, mji wa mkonge huu hatuwezi kukosa kikapu jamani.

Moshi sasa. Vifuu vikiisha anahamia mkaa na ukikaa benchi la ndani unatoka unanukia jiko. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, sawa, ila bibi anasema mbaazi zinakaa sana motoni na mtungi wa gesi utamfilisi, na kwa bei hii ya mia tano bakuli simbishii. Kaa benchi la nje upepo unapopita.

Chakula nampa 9 kwa 10, sehemu ya kukaa 5, nzi wapo na maji ya kunawa mpaka uombe. Nenda kabla ya saa mbili, saa tatu unakuta sufuria limeshaoshwa, na beba chenji maana noti ya elfu kumi asubuhi ile hana pa kuivunjia, atakwambia ule tu utalipa kesho.