Uzoefu wangu na seti ya roketi ya maji: stendi safi, roketi yenyewe ni kazi yako

Niseme mapema hii si ile ya baruti. Zile za kampuni ya Estes ya Marekani, zenye vile viinjini vya kadibodi vimeandikwa A8-3 ama C6-5, mwili wake ukiagiza unakufikia lakini injini ndo balaa, ile ni baruti, haipakiwi kwa ndege kama parseli ya viatu na hapa kwetu yataka kibali. Kwa hivyo mtu wa Mombasa mwenye hamu ya roketi mi naona njia yake ni chupa, maji na pampu ya baiskeli.

Seti niliagiza online, elfu tatu na kitu. Ndani kuna stendi ya miguu mitatu, nozeli ya kufunga kwa mdomo wa chupa, kamba ya kuvuta, mapezi manne na kichwa cha sponji. Chupa watafuta mwenyewe na iwe ya soda ya lita mbili, manake ile imeundwa kushika gesi, ukileta chupa ya maji ya kunywa itakupasukia.

Stendi wallahi sina neno. Klipu inashika vizuri, unajaza upepo mpaka geji ya presha yasoma psi 60 na bado imetulia tu, ukivuta kamba inaachia papo hapo, maji yanamwagika mpaka kwa viatu na chupa ishapanda kitambo. Kitu cha kuchunga ni oringi, ile pete ya mpira iliyo ndani ya nozeli, chembe kidogo tu ya mchanga ikikaa pale utaisikia tssss na geji haipandi hata upampu mpaka jasho likutoke. Mimi nikimaliza nasuuza na maji ya mfereji, naifuta na kitambaa, basi.

Sasa lawama. Mpira wa kupitisha upepo kutoka kwa pampu ni mfupi jamani, aliyeuza sijui alifikiria nini, yaani unapampu umeinamia chupa iliyojaa presha. Nikaupeleka kwa fundi baiskeli Kongowea aniungie mwingine na klipu za chuma. Akaugeuza geuza, "mwanangu, huu wajaza nini?" Nikamwambia chupa ya soda, fundi. Akanitazama, akacheka, lakini aliunga vizuri na sasa nasimama mbali.

Mapezi na kile kichwa cha sponji tupa. Kichwa ni chepesi mno, na roketi yoyote, ya maji ama ya baruti, uzito lazima uwe mbele ya pale upepo unapoisukuma, la sivyo inapinduka hewani inarudi kichwa nyuma. Nilijaza plastisini kwa ncha, mapezi nikakata mapya kutoka kwa bango gumu la plastiki, makubwa kidogo, nikayabandika na tepu. Usitumie gundi ya moto, chupa ya plastiki ikipata joto inalegea na pale ndo patapasuka. Kujua kama imekaa sawa, ifunge uzi pale inapojibalansi ikiwa tupu, uizungushe juu ya kichwa chako, ncha ikitangulia twende kazi, mkia ukitangulia ongeza plastisini. Majirani watakuona mwehu, wazoee tu.

Maji nayo weka kama thuluthi ya chupa. Watu wanadhani yakizidi ndo itaenda juu, kumbe kinachosukuma ni ile hewa iliyobanwa, ukijaza maji mengi hewa haina nafasi na mzigo umekuwa mzito.

Pa kurushia mimi naenda ufuo wa Bamburi, maji ya bamvua yakiwa yamekupwa na asubuhi mapema kabla upepo haujapanda. Ukikaa Changamwe ama Port Reitz achana kabisa, ndege zinapita pale. Na jua kwamba roketi yenye mapezi inaelekea kule upepo unakotoka, sasa sisi iwe kaskazi iwe kusi upepo watoka baharini, kwa hivyo nayo yakimbilia baharini. Waitaliano waliokuwa wakirusha roketi kule Ngomeni bahari ndo waliyoitaka, mitambo yao ya kurushia, ile San Marco, ikakaa majini kabisa, na satelaiti ya Uhuru ikarushwa pale 12 Desemba 1970. Mimi bahari naiogopa, roketi yangu ni moja.

Parashuti haiji na seti. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, nikakata kitambaa cha mwavuli uliovunjika, na ni bora, hakijikunji hovyo. Shida ni kuitoa. Kwa sasa kichwa kimekaa tu juu bila kubanwa, roketi ikipunguza mwendo kule juu kidondoke chenyewe kivute parashuti, mara kinadondoka mara hakidondoki. Nasikia kuna wanaotoa mtambo wa kujaza ufunguo kwa vigari vya watoto wanautumia kama taima ya kuachilia parashuti, aliyejaribu anielekeze, hasa lastiki ya kushikilia kichwa anaifunga wapi.