Vijiti vya kupima mkojo wa mtoto: nyota nne kati ya tano

Mwanangu ana miaka sita. Mwaka jana alianza kuamka na macho yaliyovimba, utadhani kalia usiku kucha, na ikifika jioni uvimbe umeshuka miguuni, soksi zinamwachia michirizi. Jirani akasema safura. Bibi yake akasema mtoto kanenepa, tumshukuru Mungu. Hospitali walipompima mkojo ikajulikana: figo zinavujisha protini. Akaanzishiwa dawa ya prednisolone, chumvi tukaipunguza nyumba nzima, na daktari akaniambia, "Baba, nunua vijiti uwe unampima mwenyewe kila asubuhi."

Kopo la vijiti 100 nililipata Ngamiani, hapa Tanga, kwa elfu kumi na nane. Kila kijiti kina vipande kumi vya rangi, mimi nahitaji kimoja tu, cha protini. Mkojo uwe wa kwanza wa asubuhi. Chovya, toa hapo hapo, kung'uta, subiri sekunde 60, kisha linganisha na rangi zilizobandikwa ubavuni mwa kopo. Njano ni shwari. Kijani kikianza, protini ipo, na kadiri kinavyokolea ndivyo inavyozidi. Sisi tumeambiwa tukiona rangi ya alama tatu za kujumlisha (+++) siku tatu mfululizo, tusingoje tarehe ya kliniki.

Sasa, mimi ni fundi cherehani. Kuoanisha uzi na kitambaa ndiyo riziki yangu, na hakuna fundi anayefanya hivyo chini ya taa. Lakini kijiti nilikisomea chumbani! Balbu yetu ina mwanga wa njano, kila siku nikawa naandika "hakuna". Siku moja umeme ukakatika, nikatoka nacho mlangoni: kijani kama jani la mchicha. Tangu hapo tunasomea barazani. Zile sekunde tunazihesabu pamoja. Tulipoanza mtoto alikuwa akifika ishirini anarudi kumi na tano.

Kopo la pili lilinitesa. Duka lenyewe silitaji. Siku nne mfululizo kijiti kinaonyesha kijani, na mtoto hana uvimbe hata kidogo, anaruka tu. Mke wangu hakulala. Nikapata wazo la kuchovya kijiti kwenye maji ya kunywa. Kijani! Nilipolikagua kopo nikaona kifuniko kimelegea, na vijiti vya juu vimebadilika rangi kabla ya kuguswa na chochote. Unyevu ulishaingia, na Tanga hii unyevu tunao wa kuuza. Kulirudisha nikaambiwa kikitoka dukani hakirudi.

Kwa hiyo fungueni kopo mbele ya muuzaji. Nyumbani lifungeni kila mkitoa kijiti, msilitie kwenye friji, na msishike vile vipande kwa vidole. Karatasi ya rangi nayo huchubuka ikilowa. Yangu nimeizungushia selotepu.

Nyota moja naipunguza kwa kile kifuniko, na kwa maelezo yaliyojaa Kiingereza cha maabara. Zilizobaki ni halali yao. Majibu nayaandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, na kliniki daktari hulisoma hilo hilo. Mwezi uliopita alikuta protini ya Jumanne imekaa chini ya kiuno cha bwana harusi, akauliza kama na huyo ni mgonjwa.