Mtu wa tatu na wa nne atalala wapi? Jinsi ya kuchagua chumba cha meli ya kitalii

Mara ya kwanza tulipopanda meli ya kitalii bandari ya Galveston, hapa Texas, tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka minne, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Chumba tulichonunua kiliandikwa "watu 4", nasi tukaridhika. Usiku wa kwanza tulirudi kutoka kula tukakuta mhudumu ameshusha vitanda viwili kutoka darini, ngazi imesimama katikati. Mama akaitazama ngazi, akanitazama mimi: "Mwanangu, huko juu mtanipandishaje?"

Meli ilikuwa imejaa, hakuna chumba cha kubadilisha. Mume wangu akalala juu, mama chini upande mmoja, mimi na mtoto tukabanana kwenye kitanda cha mtu mmoja usiku saba. Kilichoniuma zaidi ni alfajiri. Ngazi ilikuwa imekalia kile kipande pekee cha sakafu ambacho mswala ungeenea, kwa hiyo mama alikuwa akiswali amekaa kitandani, huku akijitahidi asituamshe.

Kosa lilikuwa letu la kununua idadi ya watu bila kuuliza aina ya vitanda. Karibu kila chumba cha kawaida kina vitanda viwili vya chini, vinavyoweza kuunganishwa kuwa kimoja kikubwa. Hivyo ni vya abiria wawili wa kwanza. Wa tatu na wa nne hupewa vitanda vya ziada, na hapo ndipo tofauti ilipo. Tena watu hao si wachache: meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, huhesabiwa abiria 5,610 kila chumba kikiwa na watu wawili, lakini ikijaa kabisa hubeba 7,600.

Baada ya safari hiyo na nyingine zilizofuata, hivi ndivyo ninavyovipanga, kuanzia bora hadi cha mwisho.

1. Vyumba viwili vyenye mlango wa ndani kati yake

Kama mna mzee, au watoto waliokwisha balehe, anzeni hapa kabla ya kutazama kingine chochote. Kila mtu analala kitanda cha chini, vyoo ni viwili, na taa ya upande mmoja ikizimwa saa mbili usiku upande wa pili wanaendelea na mazungumzo.

Wengi hukimbia wakidhani bei itakuwa mara mbili. Fanyeni hesabu kwanza. Kwenye chumba kimoja, wawili wa kwanza hulipa nauli kamili, wa tatu na wa nne kwa kawaida hulipa pungufu. Mkigawana vyumba viwili, wote wanne mnalipa kamili. Lakini vyumba vya ndani, visivyo na dirisha, ndivyo vya bei ya chini kabisa melini, na mara nyingi nimekuta viwili vya ndani vikikaribiana bei na kimoja chenye balkoni cha watu wanne. Wekeni bei zote mbili kwenye karatasi, pamoja na kodi, kabla ya kuamua.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Vyumba "vilivyo jirani" si sawa na vyumba "vilivyounganishwa". Vya kwanza vinapakana tu, na kufika cha pili lazima mtoke koridoni. Na kwa safari zinazoanzia Marekani, kampuni nyingi hutaka awepo mtu wa miaka 21 au zaidi katika kila chumba. Wenye watoto huandikisha baba chumba kimoja na mama cha pili, kisha wakiingia melini huomba kadi za ziada za milango na kulala wanavyotaka. Wahudumu wamelizoea hilo.

Ila mkipata chumba chenye mlango huo na upande wa pili wakalala wageni, jiandaeni kusikia kila neno lao. Kama hamuuhitaji, kiepukeni.

2. Chumba chenye kochi la kukunjua na kitanda kimoja cha juu

Hiki kinaifaa familia ya wazazi na watoto wawili, mmoja bado mdogo. Mdogo analala kwenye kochi, karibu na sakafu, na mkubwa anapanda juu kwa furaha. Mara nyingi vyumba vya namna hii ni vile vyenye balkoni, na balkoni ina faida yake: watoto wakishalala, wazazi wanapata pa kukaa bila kunong'onezana chooni.

Katika kundi hili meli za kampuni ya Disney wamefikiria familia kuliko wengi. Vyumba vyao vingi vina pazia zito linalotenga kitanda cha wazazi na upande wa watoto, na bafu limegawanywa mara mbili, choo na sinki upande mmoja, sehemu ya kuogea na sinki jingine upande wa pili. Asubuhi ya watu wanne wanaotaka kutoka kwa pamoja, hilo ni jambo kubwa. Wana hata vyumba vya familia vya watu watano. Bei yao nayo iko juu.

3. Vitanda viwili vya kushushwa kutoka juu

Hivi ndivyo vilivyotukuta. Aliyelala dabo deka bweni au kusafiri na treni ya TAZARA atavielewa mara moja. Jina linalotumiwa na kampuni nyingi, Pullman, limetoka hukohuko kwenye treni: George Pullman alikuwa mtengenezaji wa mabehewa ya kulalia ya Marekani katika karne ya 19. Mhudumu hukishusha jioni kwa ufunguo na kukirudisha asubuhi, kikamezwa na ukuta au dari usijue kilikuwepo.

Nisikionee, kina uzuri wake. Mchana kutwa chumba kinabaki wazi, tofauti na kochi linaloziba njia likikunjuliwa. Watoto wa miaka minane au kumi hukipenda mno. Na chumba cha ndani cha watu wanne, viwili vya chini na viwili vya hivi, ndiyo njia rahisi zaidi kwa mfuko.

Lakini umri si jambo la kubahatisha. Mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani inashauri mtoto aliye chini ya miaka sita asilale kitanda cha juu, nami nakubaliana nayo kabisa, hata kama kuna ubao wa kuzuia. Meli huyumba, chumba cha ndani ni giza totoro, na mtoto akiamka kutafuta choo hajui yuko wapi. Kabla ya kulala usiku wa kwanza, mwambieni apande na kushuka mara tatu nne mkiwa mmewasha taa, kisha mara moja mkiwa mmezima. Acheni taa ya bafuni ikiwaka na mlango wazi kidogo. Mtu mzima mrefu naye ajue kwamba hataweza kukaa wima, dari iko karibu na paji la uso.

4. Kochi pana la kulala watu wawili

Watoto wawili wadogo, sawa. Watu wazima wawili, hapana; katikati utausikia mfumo wa chuma mgongoni. Likikunjuliwa linakula sakafu yote, na wa ndani hapiti bila kuwaruka.

5. Kitanda cha magurudumu kinacholetwa usiku

Mwisho kabisa. Kikubalini kama hakuna kingine, kwa mtu mmoja, safari ya siku tatu nne.

Mtoto mchanga yuko kando ya orodha hii. Vitanda vyao vya kukunja kwa kawaida havilipiwi, ila viombeni siku mnayoweka nafasi kwa sababu si vingi. Kampuni nyingi hazipokei mtoto chini ya miezi sita, na kwa safari za kuvuka bahari kuu ni miezi kumi na miwili.

Kabla ya kulipa, fungueni ramani ya sitaha. Pembeni ya namba za vyumba kuna alama ndogo, nyota au pembetatu, na maelezo yake yako chini ya ukurasa: hizo ndizo zinazosema kama kuna kochi, kitanda kimoja cha juu au viwili, au mlango wa kati. Kisha pigeni simu muulize kwa namba ya chumba hichohicho, maana vyumba vya daraja moja hutofautiana. Msishangae mkiambiwa mtu wa tatu haingii ingawa kitanda kipo. Kila eneo la meli lina nafasi zake za boti za kuokolea, na zikijaa, vitanda vilivyobaki haviuzwi.

Ofa za "watoto bure" ni za nauli tu. Kodi na ada za bandari mtalipa, na bakshishi ya kila siku, kwa kawaida kati ya dola 16 na 20 kwa kichwa. Kwa wiki moja hiyo ni dola 112 hadi 140 kwa kila mtoto.

Mama alirudi miaka miwili baadaye. Tukachukua vyumba viwili vya ndani vyenye mlango wa kati, yeye na mjukuu wake upande mmoja. Asubuhi ya kwanza nilipousukuma ule mlango taratibu, mswala ulikuwa umeshakunjwa juu ya kiti, naye anamsuka binti nywele.